Mguu wa Kushoto wa Gapsun

Kwa miaka ishirini na miwili Pyo Gapsun alisugua watu nongo katika hamamu yangu, na kwa miaka yote hiyo aliamini jambo moja la kijinga: kwamba hakuna mteja aliyewahi kuiona miguu yake.

Fikiria mwanamke anayefanya kazi amevaa sidiria nyeusi na chupi nyeusi tu, kama wasuguaji wote, miguu mitupu kutoka nyongani hadi kwenye kandambili, halafu anaamini haonekani. Nilimwambia mara nyingi. Akanijibu, "Dada, mtu akishalala kitandani kwangu anafumba macho kama mtoto mchanga. Nikimlaza chali namfunika uso kwa taulo. Nikimgeuza kifudifudi anatazama sakafu. Na ule mvuke wote! Ataona nini?"

"Ataona mizizi ya mti imepanda mpaka gotini."

"Wewe ndiye mwenye macho ya umbea. Wenzako wanakuja kuoga."

Mimi ni Noh Malsim, mwenye hamamu. Kazi yangu ni kukaa dirishani kupokea watu, kugawa funguo za makabati, na kuuza mayai ya kuchemsha na maziwa ya ndizi. Nimemzidi Gapsun miaka mitano, kwa hiyo yeye ananiita dada na mimi namgombeza nipendavyo. Hana mume, aliyekuwa naye aliondoka zamani na hatukumlilia. Hana mtoto. Ana wateja wake, mabibi wa mtaa wetu hapa Gunsan, ambao huja siku ileile kila wiki, hutundika funguo zao kwenye kulabu zake ili kushika foleni, na humwita mama mdogo hata wale waliomzidi umri. Gapsun anajua nani ana kovu la kujifungua kwa kisu, nani bega lake haliguswi, nani amefiwa majuzi na anataka kusuguliwa polepole bila maneno. Ninyi mna ndugu. Yeye ana migongo ya watu, na hiyo migongo anaipenda.

Mwaka jana mwezi wa nane, joto likiwa limetukaba koo, nilimfuma nyuma ya hamamu, kwenye ngazi za chumba cha mtambo wa maji moto. Alikuwa amekaa na mguu wa kushoto ameuegesha juu ya kreti la mayai yangu. Mishipa ilikuwa imejaa na kujipinda kutoka ndani ya paja hadi chini ya goti, ile ile niliyoizoea. Lakini juu ya kifundo ngozi ilikuwa imegeuka rangi ya chai iliyokolea, na katikati yake pana plasta. Nikaibandua kabla hajanizuia. Chini yake kulikuwa na kidonda kibichi, kidogo kama ukucha wa kidole gumba.

"Hiki nini?"

"Mbu."

"Mbu wa lini?"

Akaangalia pembeni. "Wa mwezi wa sita."

"Gapsun! Mbu wa miezi miwili? Alikuja na mizigo yake akahamia?"

Alicheka, nami sikucheka, ikabidi aache. Nikamwambia walichosema wahenga, kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Akasema, "Basi kikija kiambie kinisubiri mpaka Chuseok ipite."

Hapo ndipo ilipokuwa shida yenyewe. Chuseok ni siku ya kuwaandalia wazee waliotangulia meza ya mavuno mapya, na hakuna anayethubutu kusimama mbele ya meza ile na nongo za msimu uliopita. Wiki moja kabla yake foleni ya hamamu yangu hufika mpaka kwenye ngazi za barabarani. Mabinti walioolewa mbali hurudi na mama zao, wajukuu hulia wakisuguliwa, na Gapsun husimama tangu alfajiri mpaka usiku. Halafu siku ya sikukuu hukaa chumbani kwake peke yake, anakula vitumbua vya mchele walivyomletea, amechoka hoi na amefurahi. Ndiyo Chuseok yake, hana nyingine.

Na alikuwa na hofu aliyorithi. Mama yake alipika wali katika jiko la kiwanda cha viatu, akisimama miaka kumi na minane, mpaka mishipa ikamtoka hivyo hivyo. Enzi zile walimpasua kwenye nyonga na kwenye kifundo, wakauvuta mshipa mzima wakautoa. Alilala mwezi. Aliporudi, mwiko wake ulikuwa na mtu mwingine.

"Mteja akizoea mkono mwingine harudi," Gapsun alisema. "Ngozi ina kumbukumbu fupi, dada."

Nikamwambia avae nguo, tunaondoka. Nilifunga dirisha langu mchana kweupe, jambo ambalo sijalifanya tangu msiba wa mume wangu, na yeye alipoona dirisha limefungwa akajua sina mzaha.

Zahanati ya mishipa iko ghorofa ya tatu, juu ya duka la miwani. Daktari anaitwa Maeng, kijana wa miaka arobaini, mpole, ana mikono ya baridi na anaomba radhi kwa ajili yake kila anapomgusa mtu. Alimsimamisha Gapsun juu ya kijukwaa, akampaka mafuta ya ute mguuni, akapitisha kile kifaa cha picha kuanzia nyonga kushuka. Kwenye kioo cha mashine tukaona mshipa, shimo jeusi la mviringo.

"Tazameni hapa," alisema. "Nikikuminya shavu la mguu, mama, damu inapanda. Nikiachia, inatakiwa ibaki juu iendelee kurudi moyoni. Ndani ya mshipa kuna vilango vinavyojifunga nyuma yake. Vyako vimelegea. Unaona? Inarudi chini yote."

"Kama mlango wa chumba changu cha mvuke," nikasema.

"Nimekwambia urekebishe huu mwaka wa tatu," Gapsun akanijibu bila kuondoa macho kwenye kioo.

Daktari alisema kidonda kile hakitapona kwa plasta wala dawa ya kupaka, maana damu inayotuama ndiyo inayokila kutoka ndani. Wakimwacha hivyo kitapanuka. Kwanza ni lazima mshipa mbovu ufungwe, na damu itatafuta mishipa mizima iliyo ndani zaidi ipite huko. Gapsun akauliza kwa sauti ndogo kama atapasuliwa kama mama yake.

"Njia hiyo bado ipo, lakini kwako haina haja," daktari akasema. "Siku hizi tunaingilia tundu la sindano. Kuna njia mbili zinazokufaa. Moja ni leza. Tunapitisha uzi mwembamba ndani ya mshipa, tunauzungushia ganzi, tunauchoma kwa joto kutoka ndani, unajifunga. Unaondoka kwa miguu yako siku hiyo hiyo. Lakini utavaa soksi za kubana wiki kadhaa, na kwa kazi yako, mama, ya kusimama kutwa kwenye joto na maji, sitakuruhusu urudi kabla ya wiki nne."

"Na ya pili?"

"Ya pili ni gundi. Tunaingiza gundi ya kitabibu kidogo kidogo, tunabonyeza, mshipa unashikana. Hakuna joto, ganzi ni kidogo, wengi hawahitaji hata soksi. Kama kidonda tukikifunika vizuri na ukafanya kazi nusu siku, wiki moja hivi ungeweza kurudi."

Sikukuu ilikuwa siku ishirini na moja mbele. Nilimwona Gapsun akihesabu kwa vidole pembeni ya paja lake, na uso wake ukafunguka kama wa msichana aliyeruhusiwa kwenda ngomani.

"Gundi," akasema.

"Msifanye haraka. Nesi atawapa fomu, someni nyumbani."

"Hakuna cha nyumbani, daktari. Nimeshachagua. Gundi!"

Nesi alileta fomu hapo hapo, akaanza kuuliza naye Gapsun anajibu. Kisukari? Hapana. Dawa za moyo? Hapana. Je, umewahi kudhurika kwa gundi ya aina yoyote, ya kucha, ya kope bandia, ya kufungia jeraha?

"Hapana," alisema Gapsun.

Sasa niwaambie kuhusu picha iliyotundikwa nyuma ya dirisha langu la hamamu. Ni ya harusi ya binti yangu, miaka sita iliyopita. Gapsun yuko mstari wa mbele kwa sababu nilimlazimisha, amevaa hanbok, vazi letu la sherehe, ya rangi ya waridi, na macho yake yote mawili yamevimba yamefumba kama maandazi ya mvuke. Siku ile walimbandika kope bandia saluni. Kabla bwana harusi hajafika alikuwa haoni njia, nikamshika mkono kumpeleka kukaa, na kwa wiki nzima alisugua watu kwa kupapasa. Kila anayenunua yai anaiona picha ile na kuuliza, nasi tunacheka upya. Yeye mwenyewe huwa wa kwanza kucheka.

Nilimtazama. Hakunitazama. Alikuwa amekaza macho kwenye kalamu ya nesi.

Nami nikanyamaza. Nitasema ukweli, umri wa kudanganya umenipita: sikunyamaza kwa kumwonea huruma. Niliiona ile foleni kwenye ngazi. Nilijiona nikiwaambia watu msuguaji hayupo, nikawaona wakivuka daraja kwenda hamamu mpya yenye bwawa la maji ya chumvi na runinga ukutani, na wasirudi. Nikajiambia kope ni kope na mguu ni mguu, wala mimi si daktari. Mtu akitaka kujidanganya maneno hayampungukii. Nikajikaza kisabuni, nikatazama dari.

Nesi akaniletea fomu. "Wewe ndiye msimamizi wake, mama? Tunahitaji jina, sahihi, na uhusiano na mgonjwa."

Nikaandika jina langu. Nikafika kwenye uhusiano. Ningeweza kuandika mwajiri. Ningeweza kuandika jirani. Mkono wangu ukaandika *dada* wenyewe, bila kuniuliza, kama ambavyo yeye ameniita kila siku ya Mungu kwa miaka ishirini na miwili. Neno likakaa pale kwenye karatasi linanitazama, na sahihi ikakataa kutoka.

"Daktari," nikasema, "huyu mwongo. Kope bandia zilimvimbisha macho wiki nzima. Nina picha."

Daktari Maeng akaweka chini alichokuwa ameshika. Akasema kwa upole kwamba gundi ya kope na gundi ya mishipa ni watoto wa tumbo moja. Kope ukizibandua, uvimbe unaisha. Lakini gundi ikishaingia ndani ya mguu kuanzia nyongani hadi gotini, mwili ukaikataa, mguu mzima utakuwa mwekundu na kuwasha kwa wiki nyingi, na haibanduliwi kirahisi. Huenda ikabidi kupasua. "Asante, mama," akaniambia. Kisha akamgeukia mwenzangu. "Kwako ni leza, mama. Samahani sana."

Gapsun alitangulia kushuka ngazi mpaka barabarani. Pale mbele ya duka la miwani alisimama akanigeukia.

"Umenitoa kazini."

"Nimekutoa kwenye gundi."

"Nani alikuomba? Mguu ni wa nani? Ningewashwa, ningejikuna, yangeisha! Nimewashwa na mangapi katika maisha haya?" Akaanza kulia, mtu mzima wa miaka sitini na moja, watu wanapita. "Watamzoea mwingine, dada. Unajua watamzoea. Ukiniondolea wale watu mimi nina nani?"

Nilitaka kusema *una mimi*. Lakini nilikuwa nimetoka kumhesabia foleni dakika tano zilizopita. Nikamwambia tu avuke barabara, taa ni ya kijani.

Leza ilifanywa Jumatatu. Nilikaa nje na mkoba wake mapajani, na kwa muda usiozidi kupika wali akatoka anatembea, mguu umefungwa hadi nyongani, uso umenuna. Nesi alisema alikuwa mgonjwa mzuri, hakulalamika. Nikasema hakulalamika kwa sababu alikuwa anatunza nguvu za kuninunia mimi. Nesi akacheka, Gapsun hakucheka.

Kwa siku kumi na tatu sikusikia sauti yake. Kila asubuhi nilipanda kwake na sufuria ya supu ya mifupa, nikaiweka mlangoni, nikabisha, nikashuka. Jioni nilikuta sufuria imeoshwa, imegeuzwa juu chini. Ndiyo mazungumzo tuliyokuwa nayo. Nilipata habari kupitia mwenye nyumba wake: anatembea nusu saa asubuhi na jioni kama alivyoagizwa, soksi anavaa, kidonda kimeanza kukauka pembezoni.

Wakati huo nilitafuta wa kumshikia kazi. Nilimpata mwanamke wa mji jirani wa Iksan, Deokim, mwenye mikono yenye nguvu, mtu mwema, anasugua vizuri kabisa. Niliwaambia mabibi habari yote, kwamba Gapsun ametibiwa mguu, kwamba atarudi. Bibi Bongnye, mwenye miaka themanini na minne, mteja wa Jumanne tangu siku ya kwanza, aliuliza, "Mguu upi?" Nikasema wa kushoto. Akaitikia kwa kichwa polepole kama mtu aliyeambiwa jambo alilokuwa akilingoja, akaenda zake kuoga. Sikulitilia maanani.

Siku ya mkesha wa Chuseok, foleni ikiwa kwenye ngazi kama kila mwaka, niliinua kichwa nikamwona Gapsun mbele ya dirisha langu. Amevaa sketi ndefu na soksi zile nene za rangi ya ngozi. Alikuwa na sufuria yangu mkononi.

"Nimerudisha chombo," akasema.

"Kaa. Usiingie ndani, joto umekatazwa."

"Najua nilichokatazwa."

Akakaa kwenye kigoda pembeni yangu na kuinua mguu juu ya kreti la mayai. Nilimwachia. Tukakaa hivyo, mimi nagawa funguo, yeye anasikiliza. Maana kutoka ndani, juu ya kelele za maji, ilikuwa inasikika sauti ya msuguaji akipiga kofi mgongoni mwa mtu kumwambia ageuke: pa, pa-pa. Makofi ya Gapsun huwa ni matatu ya haraka na moja la kuchelewa. Haya hayakuwa yake. Nilimwona akiyahesabu, na kila kofi lilimwingia.

"Anajua kazi," alisema mwishowe.

"Anajua."

"Basi vizuri." Akajifuta pua kwa mgongo wa mkono.

Hapo ndipo mlango ulipofunguka wakatoka wateja wake watatu kwa pamoja: Bibi Bongnye mbele, muuza samaki wakavu nyuma yake, na mama wa mwalimu mmoja. Wamejifunga mataulo, wanafuata mayai. Gapsun alisimama kwa adabu kisha akashtuka. Migongo yao! Upande mmoja mwekundu kama wamechunwa, upande mwingine haujaguswa, na bado kuna nongo zimejiviringa viringa kwenye mabega.

"Mungu wangu, nani kawasugua hivi?"

"Tumesuguana," alisema muuza samaki kwa fahari. "Mimi nimemsugua huyu, huyu kanisugua mimi. Bibi Bongnye ametusugua wote."

"Amewachuna!"

"Mkono wa bibi mzito," mama wa mwalimu akalalamika. "Mama mdogo, rudi upesi. Hatutamaliza mwezi tukiwa na ngozi."

"Lakini si yupo Deokim? Foleni yenu..."

"Yule anasugua wageni," alisema Bibi Bongnye. "Funguo zetu ziko kwenye kulabu zako. Nenda kaangalie. Aa, umekatazwa. Malsim, mwambie ziko wapi."

"Ziko kwenye kulabu zako," nikasema. "Kila asubuhi wanazitundika, kila jioni wanazitoa. Nimechoka kuwaambia."

Gapsun alikaa chini. Wale watatu wakaanza kummenyea mayai na kumlisha kama kuku aliyeatamia, wakamkabidhi mafurushi ya vitumbua vya mchele na kopo la supu ya mwani, ile ya mzazi. Muuza samaki akasema hakujua mtu aliyetibiwa mguu anakula nini, kwa hiyo akapika kama kwamba amezaa. Gapsun alicheka mpaka kiini cha yai kikampalia, nikampiga mgongoni. Na alipopata pumzi akanigeukia, macho yamelowa.

"Dada, supu yako haina chumvi. Siku kumi na tatu."

"Umeimaliza lakini."

"Nimeimaliza."

Nikamwambia pale pale, mbele za watu, kwamba kule kwa daktari nilinyamaza kwanza. Kwamba nilikuwa nimeshaiweka hamamu mbele ya mguu wake. Alinitazama sana. "Nilikuona ukitazama dari," akasema. "Nikajua mmoja wetu lazima aseme, na nikaomba usiwe wewe." Akanipa nusu ya yai lake, nami nikala, na hatujalirudia jambo hilo tena.

Alirudi kazini wiki mbili baadaye, Jumanne, daktari akiwa ameruhusu nusu siku, na kigoda cha kukalia kati ya mteja na mteja. Kidonda kilikuwa kimefunga, kimebaki doa la rangi ya chai. Mishipa ile ya paja na goti ilikuwa imenywea. Ukiitafuta unaona vivuli tu. Alivaa sidiria yake nyeusi na chupi yake nyeusi, akaingia kwenye mvuke, na ufunguo wa kwanza kwenye kulabu ulikuwa wa Bibi Bongnye.

Nilimwacha Deokim dirishani, nikaingia na taulo safi ambazo hakuna aliyeziomba. Nilitaka kumwona akisimama.

Alimlaza bibi chali, akamfunika uso, akamsugua mikono na kifua. Akamgeuza ubavu huu, akamgeuza ule. Makofi matatu ya haraka na moja la kuchelewa. Bibi akalala kifudifudi, uso ukingoni mwa kitanda, anatazama chini. Gapsun akamwagia maji ya uvuguvugu mgongoni, akavaa tena mkononi kitambaa chake cha kijani cha kusugulia, akaanza.

"Nani huyu?" Bibi Bongnye akauliza kule chini.

"Ni mimi, bibi. Gapsun."

"Mguu huu siujui."

Mkono wa Gapsun ukasimama.

"Ulikuwa na mshipa mmoja tu kama uzi nyuma ya goti, mwaka ulipokuja hapa," alisema yule mzee, akiongea na sakafu. "Mwaka aliokufa mume wangu ikawa mitatu. Mjukuu wangu alipoingia jeshini ikapanda pajani. Mwaka ule wa ugonjwa uliofunga dunia, hamamu ilipofunguliwa tena, ilikuwa minene kama kidole changu. Mwezi wa sita ukaweka plasta. Ukaibadilisha kila wiki, na kila wiki ilikuwa kubwa zaidi. Unafikiri nikilala hapa natazama nini? Miaka ishirini na miwili natazama mguu wako, mwanangu. Sote tunautazama."

Gapsun alinigeukia, mdomo wazi. Nikatikisa kichwa. Mimi nakaa dirishani, sikujua kwamba waliufuatilia kiasi hicho.

"Kwa nini hukuniambia, bibi?"

Maji yalikuwa yanachuruzika kutoka kitandani.

"Kwa uchoyo," akasema. "Ningesema, ungeenda kutibiwa. Ungeenda, Jumanne ningekuja hapa kufanya nini? Nina miaka themanini na minne, nongo natoa wapi? Watoto wangu wananipigia simu, wananitumia matunda. Wananipenda. Lakini hakuna anayenigusa, Gapsun. Wiki nzima hakuna mkono unaonigusa ila wako. Kwa hiyo niliuangalia mguu wako unaoza na nikafunga mdomo. Nisamehe."

Nilisimama na taulo zangu. Nilijua hasa alichokuwa akikisema, maana hata mimi kule kwa daktari nilitazama dari.

Gapsun alivua kile kitambaa cha kijani, akakiweka pembeni. Akachota maji kwenye bakuli, akayapima kwa kiwiko, akamwagia mzee polepole kuanzia shingoni. Kisha akaweka viganja vyake vyote viwili vitupu juu ya mgongo ule mdogo, akaviacha hapo, bila kusugua chochote.

Kwenye kulabu zilikuwa zinangoja funguo nane. Hakuna aliyeuliza zamu yake.